Timu iliyoshinda uwanjani, ikashindwa ubalozini

Wasomi wenzangu, leo tuache kidogo habari za Mazembe na Lupopo. Najua wengi mlikuwa mnangoja tena Englebert ya 1967 na lile kombe lililopatikana bila mechi ya mwisho kuchezwa. Itakuja siku yake. Leo nataka tuongee juu ya timu moja ya watoto wa Uganda, ya mchezo ambao wengi wetu hapa Likasi tumeuona kwenye filamu tu: beisiboli. Timu hiyo iliishi kiangazi kimoja, mwaka 2011. Ilishinda kombe la kanda yake, ikapata haki ya kwenda Marekani kucheza kombe la dunia la watoto, halafu ikaishia hapo kwa sababu ya karatasi. Na habari za karatasi, bon, hizo tunazielewa kuliko beisiboli yenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaungoja na gongo mkononi. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo, na akirudi salama pale alipoanzia ni pointi moja. Nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji, na glovu nene na barakoa ya chuma usoni, kwa sababu ule mpira ukikupiga bila kinga utaenda moja kwa moja hospitali. Kila timu ina watu tisa uwanjani. Yatosha, mengine mtayafahamu njiani.

Wamarekani wameujenga mchezo huu kwa ngazi. Juu kuna ligi kubwa, zile klabu za New York, Los Angeles na kadhalika. Chini yake kuna ligi ndogo, timu za miji ya wastani ambako vijana wanapikwa kabla ya kupanda. Timu za ligi ndogo zinazaliwa na kufa kila wakati: mwenye timu anauza, klabu ya juu inavunja mkataba, na mji unabaki na kiwanja kitupu. Mwaka 2021 ligi hizo zilipangwa upya, na timu zenye mkataba na klabu kubwa zikapunguzwa kutoka 160 hadi 120. Arobaini zikatolewa kwa mara moja. Wazee wetu wa Jekamine wanajua namna hesabu ya ofisini inavyoweza kumaliza jambo ambalo mji mzima ulilizoea.

Chini kabisa, mbali na pesa, kuna ligi ya watoto. Carl Stotz aliianzisha mwaka 1939 katika mji wa Williamsport, Pennsylvania, na tangu 1947 kila Agosti watoto wanakutana pale kwa mashindano makubwa. Siku hizi yanaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa zima. Kundi hilo ni la watoto wa miaka 11 na 12. Angalieni maana yake. Timu inachaguliwa, inacheza miezi michache, halafu inavunjika yenyewe, kwa sababu mwaka unaofuata wale wa miaka 12 wamepita umri. Klabu ya watu wazima ikikosa mwaka huu inasema tutarudi mwakani. Timu ya watoto haina mwakani.

Sasa Uganda. Katika habari hii kuna Mmarekani mmoja, Richard Stanley, mhandisi wa kemia aliyestaafu, ambaye zamani alikuwa na hisa katika Trenton Thunder, timu ya ligi ndogo ya New Jersey iliyokuwa chini ya New York Yankees. Huyo mzee alipofika Uganda alitia pesa yake katika beisiboli ya watoto, akajenga viwanja Mpigi, kwenye ile barabara inayotoka Kampala kwenda Masaka. Walimu na makocha wa Uganda wakafanya kazi iliyobaki, yaani sehemu kubwa: kuwafundisha watoto wa mpira wa miguu kwamba mpira unaweza kurushwa na mkono, na kwamba kukaa umengoja nafasi yako ya kupiga si uvivu.

Kufika Williamsport sherti ushinde kanda yako. Uganda ilikuwa katika kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, na mashindano ya kanda hiyo yalichezwa Kutno, Poland. (Kweli, Waafrika na Waarabu walikuwa wanakwenda Poland kujua nani bora kati yao. Ndipo ligi ya watoto ilipojenga kituo chake cha Ulaya.) Bingwa wa kila mara alikuwa Dhahran, Saudi Arabia. Msidhani ni watoto wa Kisaudi. Wengi wao walikuwa watoto wa Wamarekani wanaofanya kazi katika kampuni ya mafuta, Aramco, wanaokaa ndani ya kambi ya kampuni na viwanja vyao vizuri. Mtu wa Likasi hahitaji kuelezwa kambi ya kampuni ni nini, wala tofauti kati ya mtoto wa ndani ya uzio na mtoto wa nje.

Julai 2011 timu ya Kampala, iliyoandikishwa kwa jina la Rev. John Foundation, iliwapiga Dhahran na kuchukua kanda. Hakuna timu ya kutoka nchi ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika Williamsport tangu mashindano yaanze. Watoto hao wangekuwa wa kwanza.

Wakaenda kuomba viza. Serikali ya Marekani ikakataa. Sababu iliyotolewa ni kwamba tarehe za kuzaliwa hazikulingana: karatasi moja inasema hivi, nyingine vile, na umri wa baadhi ya wachezaji haukuweza kuthibitishwa. Agosti ilikuwa mlangoni. Ligi ya watoto ikawaita Dhahran, wale waliopigwa, wachukue nafasi.

Mtu anaposikia hivyo mara ya kwanza anakasirika na kusema ni ubaguzi tu. Mimi nasema tupime kwanza, kwa sababu ile hofu ya Wamarekani ilikuwa na historia yake.

Mwaka 1992 timu ya Zamboanga, Ufilipino, ilitwaa kombe Williamsport, kisha ikanyang'anywa kwa sababu ya wachezaji wasiostahili kuwemo, na ubingwa wakapewa Long Beach ya California. Mwaka 2001 ikaja kesi kubwa zaidi. Mtoto Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, akichezea timu ya Bronx, New York, alirusha mpira namna ambayo watoto wenzake hawakuuona ukipita. Magazeti yakamwimbia. Kisha waandishi wakaenda hadi kwao, wakakuta vitabu viwili: kimoja kimeandika amezaliwa 1989, kingine 1987. Cha kweli kilikuwa cha 1987. Alikuwa na miaka 14 kati ya watoto wa 12. Matokeo ya timu yote yakafutwa, na baba yake akafungiwa maisha. Basi mtu wa viza mwaka 2011 alipoona tarehe mbili za mtoto mmoja, alikuwa na Almonte kichwani.

Na sisi Wakongomani tusijifanye watakatifu. Juni 2021 klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mshambulizi wake tuliyekuwa tunamwita Silas Wamangituka kwa kweli anaitwa Silas Katompa Mvumpa, na kwamba amezaliwa 1998, si 1999. Ajenti wake wa zamani ndiye aliyembadilishia jina na mwaka alipokuwa kijana mgeni Ulaya, asiye na mtu wa kumtetea. Shirikisho la Ujerumani likamfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000. Mwenyewe ndiye aliyejitokeza kusema ukweli. Mwaka mmoja tu wa tofauti, na kijana aliishi nao kama jiwe katika kiatu.

Kwa hiyo uongo upo. Lakini kuna jambo la pili, na hili njo linaniuma. Kuna mtu aliyebadilisha tarehe, na kuna mtu ambaye tarehe yake haikuandikwa kamwe. Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa sana, ila mbele ya dirisha la ubalozi wanafanana kabisa. Wote wawili wana karatasi mpya yenye muhuri mbichi.

Tuangalie kwetu. Sheria ya familia ya 1987, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto kwenye etasivili ya komini. Zamani zilikuwa siku 30. Siku zikipita, sherti uende tribinali kutafuta hukumu ya kujazia, ndipo cheti kitolewe. Sasa mhesabu wenyewe ni watoto wangapi wa Kikula, Panda au Shituru, tusiseme vijiji vya njia ya Kambove, waliandikishwa ndani ya zile siku. Mama amezaa, anafikiria maziwa na unga, hafikirii burugumesti. Miaka 15 baadaye masomo yanadai cheti kwa ajili ya mtihani wa Leta, na tarehe inatafutwa katika kumbukumbu: alizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi, kabla ya mdogo wa fulani. Inaandikwa. Kadi ya chanjo, ikiwa panya hawajaila, inasema tarehe nyingine. Ya ubatizo inasema ya tatu. Hapo hakuna aliyedanganya, na bado kuna tarehe tatu.

Na historia yetu yenyewe imetusaidia vibaya. Chukua mzee mmoja wa hapa, yeyote. Amezaliwa Jadotville, mkoa wa Katanga, Kongo ya Ubelgiji. Mwaka 1966 mji ukaitwa Likasi. Nchi ikawa Zaire mwaka 1971, Katanga ikawa Shaba, na mwaka 1972 Mobutu akaondoa majina ya ubatizo, kwa hiyo papa Joseph akawa na jina lingine kwenye kitambulisho. Mwaka 1997 vyote vikageuka tena, na mwaka 2015 mkoa ukakatwa, tukawa Haut-Katanga. Mzee hajahama nyumba. Lakini weka karatasi zake zote mezani mbele ya mgeni: miji miwili, nchi tatu, majina mawili. Huyo mgeni atasema hawa ni watu wawili au watatu, na nani atamlaumu? Kila mmoja wetu aliyewahi kupanga dosie ya bourse anajua ule ubaridi wa tumbo wakati herufi moja ya jina imekosewa kwenye diplome.

Uganda walikuwa katika hali ya namna hiyo hiyo, isipokuwa wale walioulizwa walikuwa watoto wa miaka 12, na walipewa wiki chache. Ndiyo maana nasema konsula hakukosea kuuliza. Tatizo liko katika mpango mzima: mashindano yanayogawa watoto kwa siku ya kuzaliwa yanafungua mlango kwa nchi ambako siku ya kuzaliwa haiandikwi, kisha yanaweka mwezi mmoja tu kati ya kanda na fainali. Mwezi mmoja hautoshi kutengeneza kile ambacho ofisi haikufanya kwa miaka 12. Hata daktari hasaidii. FIFA ilianza mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Nigeria, kupiga picha za mifupa ya kiwiko cha mkono, pale mkono unapokutana na kiganja. Picha hiyo inaweza kuonyesha kwamba mfupa umekwisha kufunga, basi mwenyewe yawezekana sana amepita 17. Haiwezi kukuambia kama mtoto ana miaka 12 na nusu au 13. Kwa umri ule, bila kitabu cha etasivili, hakuna anayejua ila mama.

Waliotakiwa kucheza na Uganda mechi ya kwanza Williamsport walikuwa watoto wa Langley, British Columbia, Kanada. Wao nao walikuwa na miaka 11 na 12, na inaonekana jambo hili liliwakaa moyoni wao na wakubwa wao. Pesa zikachangwa, na Januari 2012 Wakanada wakapanda ndege wakaja Uganda wenyewe. Mechi iliyokuwa haikuchezwa Pennsylvania ikachezwa Mpigi. Jimmy Rollins, nyota wa Philadelphia Phillies wakati ule, alikuja kuitazama. Uganda ikashinda 2 kwa 1.

Nimeifikiria sana mechi hiyo. Haikuwa na kombe, na haikuhesabiwa popote. Lakini angalia nani alihitaji viza safari hii, na alivyoipata kwa urahisi.

Kiangazi hicho hicho cha 2012 Uganda ikashinda kanda tena, sasa na timu ya Lugazi. Lugazi ni mji wa kiwanda cha sukari, kwenye barabara ya Kampala na Jinja, mji ambao mashamba ya miwa na kampuni ndivyo vilivyouzaa, kama shaba ilivyouzaa wetu. Safari hii viza zikatoka. Agosti 2012 watoto wa Lugazi wakaingia uwanjani Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika. Panama ikawafunga 9 kwa 3. Mexico nayo ikawapiga, wakawa wametoka. Ilibaki mechi ya kufariji waliotolewa, dhidi ya Gresham ya Oregon, Wamarekani kwao nyumbani, na hiyo Lugazi wakaishinda 3 kwa 2. Kombe lilikwenda Japani, kwa timu ya Tokyo. Mwaka 2015 Uganda ilirudi ikashinda mechi ndani ya mashindano yenyewe, 4 kwa 1, na aliyefungwa ni Jamhuri ya Dominika, nchi alikozaliwa Almonte, nchi inayotoa wachezaji wa ligi kubwa kama sisi tunavyotoa kobalti.

Tangu hapo mlango umefunguka kidogo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwapa mkataba vijana wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma. Mwaka 2023 Dennis Kasumba, mdakaji ambaye huenda mmemuona kwenye simu zenu akifanya mazoezi na matairi na chupa huku amechutama kwenye vumbi, alikwenda Maryland kuichezea Frederick Keys. Hiyo Keys nayo ilikuwa timu ya ligi ndogo ya Baltimore Orioles hadi ule mpango mpya ulipoinyang'anya mkataba. Iliokoka wakati ule kwa kuingia katika ligi mpya ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na klabu kubwa. Mtoto wa Uganda akaenda kupata nafasi yake katika timu ambayo nayo iliponea chupuchupu. Nimeipenda hiyo.

Na wale wa 2011? Waliokuwa na miaka 12 Kutno hawakuruhusiwa kurudi 2012, sheria ya umri ni ile ile kwa wote. Lugazi ilikuwa timu nyingine, watoto wengine. Waliowapiga Dhahran walibaki na kanda yao, na ile mechi moja ya Mpigi. Ukifungua leo orodha ya timu zilizocheza Williamsport mwaka 2011, kwenye mstari wa Mashariki ya Kati na Afrika utasoma: Dhahran, Saudi Arabia.